Upande Wangu wa Dawati

Kazi yangu hapa London ni kusimama. Nalinda picha za kale kwenye jumba la makumbusho, nawakataza watu kugusa, na nikirudi nyumbani Thamesmead miguu inawaka moto. Mwaka huu kwenye chumba ninacholinda zililetwa picha za mabwana wawili, wasomi na marafiki, waliochorwa mjini Antwerp miaka mia tano iliyopita, kila mmoja kwenye ubao wake, ili wapelekewe rafiki yao aliyekuwa huku London. Ukizisogeza picha pamoja, rafu za vitabu zinaungana, wote wanakuwa ndani ya chumba kimoja.

Mwongoza wageni huwaeleza kwamba wasomi wa zama zile walianza kumthamini mtu na sura yake, si watakatifu peke yao. Kisha husimulia kwamba mmoja alimeza vidonge vya daktari, uso ukabadilika, kazi ya kumchora ikabidi ingoje. Wageni hucheka. Mimi sikucheka.

Rafiki yangu wa Tabora, tuliyekaa dawati moja chuo cha ualimu, mimi dirishani na yeye upande wa njia, alinificha uso mwaka mzima. Nikipiga simu ya video, "kamera imekufa." Nikiomba picha, ananitumia mbuzi wake. Jamani, mbuzi! Mkewe ndiye aliyenidokeza: anaumwa figo, na dawa zimemvimbisha uso. Nilimkumbuka mpaka nikawa nasikia kikohozi chake kwenye basi.

Basi nikamtumia ujumbe wa sauti. Nikamsimulia ya vidonge vya yule msomi, nikamalizia: "Mjinga wewe, mie si mchoraji. Sisubiri upone. Nataka uso wa leo."

Siku tatu nikawa naichungulia simu kila nipatapo nafasi. Nikajilaumu, mdomo wangu huu!

Siku ya nne picha ikaingia. Uso mkubwa, macho yamezama. Kwanza sikumjua, halafu nikamjua, nikalia palepale kwenye stoo ya kazini nilikojificha na simu. Alikuwa kwenye dawati la darasani kwake, amejibana upande wa njia. Upande wa dirishani uko wazi. Chini ameandika: "Nafasi yako hiyo."

Nami nikakaa ukingoni mwa benchi la wageni, nikimwachia upande wa njia, mlinzi mwenzangu akanipiga picha. Nimezibandika zote mbili jikoni, ubavu kwa ubavu. Haziungani vizuri, dawati lake liko juu kidogo.

Likizo yangu ya kwenda Tabora ni Desemba. Kila asubuhi, kabla sijavaa sare, namwambia pale ukutani: mie sikukusubiri upone, lakini wewe, tafadhali bwana, nisubiri.