Ukuta Uliopendeza Kupita Kiasi

Fundi Mwiko ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona ufa akanyamaza. Mkaribishe chai, ataanza kwa kuikagua dari yako. Mkewe anasema hata siku alipokuja kuposa, kabla hajaketi, alimwambia baba mkwe kwamba ukuta wa sebuleni una unyevu. Nusura ndoa ivunjike kabla haijafungwa.

Basi jiji likatangaza kwamba mtaa wao wa kale utahifadhiwa. Nyumba itakayothibitishwa kuwa ya zamani haitaguswa. Isiyothibitishwa itabomolewa, barabara ipanuliwe. Nyumba yao ilijengwa na babu yake Fundi, na hawana nyingine. Mwenye akili zake angetulia akamngoja mkaguzi. Fundi wetu? Thubutu! Alikoroga chokaa, akapiga lipu sebule nzima kwa siku tatu, akaisugua mpaka ikawa laini kama ganda la yai.

"Baba watoto," mkewe akamwonya, "wanakuja kutazama uzee, wewe unaupaka poda?"

"Mgeni hapokewi na nyufa," akajibu, mwiko mkononi.

Mkaguzi akaja, mama wa makamo mwenye miwani na tochi. Akagonga ukuta hapa, akagonga pale, akatikisa kichwa.

"Kazi safi sana, fundi. Lakini hii ni mpya."

"Mpya? Nyumba ya babu yangu hii!"

"Nakuamini. Ila mimi naandika ninachokiona. Nyumba za kupendeza zinajengwa kila siku, hizo jiji halina haja ya kuzihifadhi. Tunataka wajukuu zako waone mikono iliyowatangulia. Humu naona mkono wako tu."

Fundi akauweka mwiko chini. Kajipalia makaa mwenyewe, na nyumba ya babu inakwenda hivihivi. Mkewe hakumsimanga, ingawa alikuwa na haki. Alikwenda uani, akarudi na nyundo na patasi, akamkabidhi.

"Kando ya mlango," akasema. "Unapajua."

Alipajua. Babu alipomaliza ukuta ule alikandamiza kidole gumba kwenye chokaa mbichi. Baba, alipokuja kuukarabati, alilizunguka gumba la babu, akaweka lake chini yake. Na Fundi, kwa kiherehere chake, alikuwa ameyaziba yote mawili, asije mgeni akadhani watoto wametoboa ukuta.

Akaipiga nyundo lipu bora kuliko zote alizowahi kupiga. Ilimuuma, tusifichane. Vipande vikadondoka, yakatokea magumba: la babu pana kama kijiko, la baba lina kovu. Mkaguzi akaingiza gumba lake ndani ya lile la babu, likapwaya. Akakaa chini, akaandika ukurasa mzima.

"Nyumba haiguswi," akasema.

Fundi akashusha pumzi, na papo hapo akachukua mwiko alizibe lile pengo.

"Nimesema haiguswi. Hata na wewe, mpaka upate kibali."

Kibali hakijatoka mpaka leo. Pengo liko palepale mbele ya kiti chake, kubwa kama sinia, kingo zimechanikachanika, na mkewe amekataa kiti kihamishwe. Chini ya gumba la baba pamebaki nafasi ya gumba moja. Juzi mkewe alimkuta amesimama hapo, kidole amekikandamiza kwenye chokaa iliyokauka zamani.

"Unafanya nini, baba watoto?"

"Napima tu," akasema, wala hakukiondoa.