Matangazo Niliyoyakimbia

Usiku ule nilipanda kitandani nikijiona mjanja kuliko wote mtaani. Mlango wa mbele nilikuwa nimeufunga kwa kufuli kwa nje, kisha nikazunguka nyumba na kuingilia jikoni. Kesho yake, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, ilikuwa zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali kwangu. Mama Rozi, mwenyekiti wa jumuiya, alikuja mwenyewe kuniambia. Nilimwitikia "sawa, mama" huku moyoni natafuta kufuli.

Msinielewe vibaya, mimi ni Mkristo na misa sikosi. Ila nilistaafu udereva, mke wangu akafariki mwaka huohuo, nikahamia peke yangu kwenye nyumba tuliyoijenga nje kidogo ya mji. Toka hapo nikajizoesha kukaa benchi la mwisho. Komunyo ikiisha tu, kabla ya matangazo, mimi nimeshawasha gari. Watu wana maswali: umeshindaje, unakula nini, mbona kimya. Nilikuwa mpweke, na niliona aibu kujulikana hivyo.

Basi usingizi ukanichukua, nikamwona Bibi Felista, mama yake baba, aliyenilea na tukamzika zamani. Amekaa kwenye kochi langu anapepeta mchele. Alivyoingia na kufuli lile liko mlangoni hakueleza, nami sikuuliza.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, "umekonda."

Nataka kumjibu, lakini kochi limekuwa benchi la kanisa na misa inakwisha. Nainuka kwenda zangu kama kawaida. Mlango haupo. Palipokuwa mlango pana ukuta, na chokaa yake bado mbichi. Nageuka, namwona Bibi mimbarini ameshika daftari nene kama tofali. Bibi huyuhuyu aliyekufa hajui kusoma hata jina lake anavaa miwani ya katekista na kukohoa.

"Keti," anasema. "Matangazo."

Akasoma yote niliyoyakimbia kwa miaka miwili, hakuruka hata moja. Ndoa za watu, tangazo la kwanza, la pili, la tatu. Wengine hadi anafika la tatu wameshapata mtoto. Kwaya inatafuta sauti ya nne. Kitenge kimesahauliwa chooni. Waliochukua masufuria ya sherehe ya kipaimara wayarudishe. La masufuria lilirudiwa Jumapili tisa, na kila mara Bibi alizidi kukasirika, akinikazia macho kana kwamba ninayo mimi. Nacheka peke yangu kanisani hadi mbavu zinauma.

Kisha akapunguza sauti. "Mzee Kamili, jirani yake yule dereva mstaafu, anaomba mwenye gari ampeleke hospitali akasafishwe kidonda cha mguu, Jumanne na Ijumaa." Akafunua ukurasa. "Mzee Kamili bado anaomba mwenye gari." Akafunua mwingine. "Mzee Kamili anawashukuru wote. Siku hizi anakwenda kwa bodaboda."

Kicheko kikanikauka. Kila Jumapili napita na gari mbele ya nyumba ya mtu huyo, viti vitupu.

"Bibi," nasema, "ningejua ningempeleka."

"Ndiyo maana yanasomwa."

Sasa tuko tena sebuleni, na Bibi anajifunga kanga vizuri, anataka kuondoka. Namshika mkono. Namwambia nyumba hii kimya chake kinanila, awe anakuja, hata kila siku. Nalia bila kujizuia, mtu mzima na mvi zangu.

"Mume wangu, mimi ni marehemu," akasema taratibu. "Kutembelea watu si kazi yangu tena. Kazi hiyo Mungu amewapa walio hai, na wako hapo nje."

Nikaamka mashavu yamelowa. Kumekucha, na nje kweli watu wanaimba. Walikuta kufuli lakini hawakuondoka. Wametandika mikeka barazani, wanasali. Nikanyata hadi dirishani.

"Tumwombee na mwenye nyumba hii," alikuwa akisema Mama Rozi, "Mungu amrudishe salama kutoka huko alikosafiri. Tumwombee..." Akasita, akafumbua macho. "Jamani, mzee wetu huyu anaitwa nani?"

Wakatazamana. Mmoja akasema labda ni Baba Fulani, mwingine akakataa. Miaka miwili, na hapakuwa na hata mmoja aliyelijua jina langu. Niliumia, tena nikajua kwamba si kosa lao.

Nikatoka kwa mlango wa jikoni, peku, shuka kiunoni, nikazunguka nyumba hadi mbele yao. Sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Anselmi," nikasema. "Naitwa Anselmi. Sijasafiri." Halafu, bila kuulizwa, nikaongeza kwamba Jumanne na Ijumaa nina gari.

Hakuna aliyecheka, ingawa walikuwa na kila sababu. Mama Rozi alinitazama toka juu hadi chini, shuka na yote, kisha akasogea pembeni kwenye mkeka.

"Kaa basi, Anselmi," akasema. "Tulikuwa tunakuombea."