Ngazi Iliyosogezwa Hatua Mbili

Saa tatu na robo asubuhi, mama wa miaka arobaini na mbili amesimama juu ya ngazi, nyuma ya ukuta wa matairi, kwenye kona ya tatu ya uwanja wa mbio za pikipiki. Jicho moja liko kwenye kamera, jingine amelifumba. Miguu minne ya ngazi imekaa ndani ya miduara minne ya chaki. Kabla ya kupanda aliikagua mara mbili.

Mafundi wa timu yake wanamwita Mama Rudisha, kwani kutwa kazi yake ni kurudisha video nyuma: mwendeshaji ameshika breki wapi, goti limegusa lami lini. Zamani alipiga video za harusi, miaka kumi na mmoja. "Kule niliwinda machozi, huku nawinda magoti," anasema, na kucheka mwenyewe.

Leo hacheki sana. Anayepita mbele yake kwa kishindo ni mwendeshaji wa miaka ishirini na sita, jina la utani Mpole, anayejaribiwa na timu nyingine. Akikataliwa, msimu ujao hana pikipiki. Na aliyemfikisha hapo ni Mama Rudisha mwenyewe, wala hamfichi mtu.

Miezi miwili iliyopita meneja wake alitaka video ya Mpole iwekwe sambamba na ya mwenzake wa timu hiyo hiyo, aamue nani abaki. Muda wao ulikuwa karibu sawa, lakini video ilimwonyesha Mpole akishika breki kabla ya kibao kinachoonyesha mita mia kufika kona, mwenzake baada ya kibao. Meneja akasema huyu kaingiwa na woga tangu alipoanguka. Nafasi akapewa yule mwenzake.

Jumapili moja mchana, Mama Rudisha alikuwa nyumbani akizipanga video hizo kwenye kompyuta. Mama mkwe wake, ambaye pikipiki anaijua kwa kelele tu, alisimama nyuma ya kiti na kikombe cha chai.

"Mwanangu, mbona hapa kibao na ile nguzo ya nyuma vimeshikana, na hapa mtu anaweza kupita katikati?"

Ndipo akakumbuka. Siku ile jua lilimzidi, akasogeza ngazi hatua mbili kufuata kivuli. Mpole alikwisha kupita, mwenzake bado. Kamera ikisogea, kibao nacho huonekana kimesogea. Alipopima upya, akakuta wote wawili wanashika breki pale pale.

"Nilijiambia: Nimemmwagia mtu unga wake kwa ajili ya kivuli!"

Kesho yake alimweleza meneja kila kitu. Alifokewa nusu saa nzima, akapewa onyo la maandishi, na nafasi ilikuwa imeshakwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Kisha akamtafuta Mpole, akijiandaa kutukanwa. Mpole alimuuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo, mama, sikuwa naogopa?"

"Alikuwa ameanza kuamini," anasema Mama Rudisha. "Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo."

Akatengeneza video mpya, akaandika barua iliyoanza na neno "nilikosea", akaituma kwa timu tano. Nne zilikaa kimya. Ya tano ndiyo hii ya leo, nayo ilitaka kona ya tatu ipigwe video na yeye mwenyewe.

Saa tano kasoro, Mpole anamaliza mzunguko wa kumi na nane na kuvua kofia. Meneja wa timu inayomjaribu anatazama saa yake, kisha anatazama video. Anamwita fundi wa mavazi, ambaye anakuja na utepe wa kupimia. Mpole ananyanyua mikono, anapimwa kifua. Suti ya ngozi haishonewi mtu wa kurudishwa nyumbani.

Mama Rudisha anashuka ngazi polepole, akifuta macho kwa mkono wenye chaki.

"Msimu ujao atakuwa mpinzani wetu, na nitampiga video vilevile," anasema. "Akishika breki mapema nitamwona. Ila kwanza nitaangalia miguu ya ngazi yangu."