Benchi la Kumsindikiza Ernesta

Mwalimu Herieth ni mtu wa Same, Upareni, aliyepangiwa kazi Kasulu akazoea baridi yetu. Siku za kazi anafundisha sekondari. Jumamosi mchana anatufundisha Kiingereza sisi watu wazima, kwenye ukumbi wa kuazima nyuma ya soko. Hakuna aliyemtuma. Tulimwomba, akakubali, na tangu hapo tunamchosha.

Siku moja ubaoni kulikuwa na neno moja tu: take. Akatueleza kwamba ni kuchukua. Tukafurahi, tukaandika. Halafu akaongeza kwamba ukimeza dawa ni neno hilo hilo, ukipiga picha ni hilo, ukipanda basi ni hilo, na safari ikila saa mbili, bado ni hilo.

Mzee Nestori, fundi baiskeli, akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, dawa naichukua naipeleka wapi?"

"Huipeleki popote, mzee. Unaimeza."

"Basi wangesema kumeza. Neno hawana?"

"Wanalo. Ila kwenye dawa wanasema hivi."

"Wavivu hawa watu," akasema Nestori, kwa sauti ya huruma kabisa.

Herieth akashusha pumzi. Lakini ubishi wa Nestori aliuweza. Kilichokuwa kinammaliza ni jambo jingine, nalo ni adabu yetu. Kwetu Buha, mtu akiulizwa swali mbele za watu akakwama, ukimwacha hapo anahangaika ni kama umemvua nguo. Basi hatumwachi. Mwalimu akamgeukia Ernesta.

"Ernesta, basi linachukua muda gani kutoka hapa hadi Kibondo? Niambie kwa Kiingereza."

Akajibu Rosa, aliyekaa pembeni yake.

"Nimemuuliza Ernesta."

"Ndiyo mwalimu, namsaidia."

"Usimsaidie. Ernesta?"

Tukajibu wote, kwa mpigo mmoja, mpaka kuku nje wakakimbia. Herieth akakaa kwenye kiti akajifunika uso kwa viganja. Rosa akamuuliza kama kichwa kinamuuma, na kama ameshachukua dawa.

Mjue kwamba Ernesta alikuwa na haja kuliko sisi sote. Mumewe alishafariki, mgongo umechoka na jembe, na kule Kibondo kulikuwa na nyumba ya wageni inayolaza watu wanaofanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta. Mwenyewe, Mzee Mudathiri, alitaka mtu wa mapokezi. Alisema atamsimamisha Ernesta mezani na mgeni wa kweli aone kama anaweza kuongea naye. Akishindwa, arudi shambani.

"Tutakwenda mimi na wewe tu," Herieth alimwambia. "Wawili. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu," tukajibu sote.

Asubuhi ya siku yenyewe Herieth alifika stendi akatukuta darasa zima, tumevaa nguo za kanisani, Nestori kwenye koti.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumsindikiza," akasema Rosa. "Mtu haendi kwenye shauri peke yake, mwalimu. Kwenu wanakwenda peke yao?"

Herieth akapanda basi, akakaa kiti cha mbele, akatupa mgongo hadi Kibondo.

Tukaketi kwenye benchi la mapokezi, tumejibana. Ernesta akasimama nyuma ya meza. Akaingia mgeni, mhandisi wa visima kutoka Nepali, na begi lake. Akasema kwa Kiingereza kwamba anachukua chumba cha nyuma, na je, chai ya asubuhi inachukua muda gani? Neno lile lile, mara mbili. Ernesta analijua. Nilimwona kwamba analijua. Lakini kinywa chake hakijawahi kufanya kazi peke yake, na macho yakatukimbilia.

Hatukumwangusha.

"Anakichukua chumba!" tukasema benchi zima. "Chai ni dakika ngapi!"

Mgeni akageuka kututazama. Mudathiri pia.

"Hawa nani?"

"Wenzake, mzee," akasema Nestori. "Wa darasani."

"Nimetafuta mtu mmoja au kwaya?"

Herieth alikuwa ameshasimama. Alitusukuma nje kama mbuzi, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Mwalimu, unamwacha na Mzungu?" akanong'ona Rosa.

"Si Mzungu. Na nyamaza."

"Akikwama je?"

"Akwame."

Rosa akaanza kulia polepole. Herieth naye, nilivyomtazama vizuri, midomo ilikuwa inatembea, anamjibia Ernesta kimoyomoyo.

Mlango ukasukumwa kwa ndani. Mgeni akapita na ufunguo, na nyuma yake Ernesta, amebeba taulo, hatutazami. Mudathiri akasimama kizingitini.

"Aanze Jumatatu. Peke yake."

"Ulimwambia nini?" tukamvamia Ernesta aliporudi.

"Nilimwambia asubiri kwanza. Akasubiri. Kumbe wanasubiri." Akafikiri kidogo. "Mlipotoka kulikuwa kimya sana. Nilitaka kuwafuata."

Jumamosi iliyofuata Herieth aliingia darasani uso umekunjuka. Akaandika neno jipya ubaoni, na kwa mazoea akaelekeza chaki kwenye kiti cha Ernesta.

"Ernesta, soma."

Darasa zima tukamjibia:

"Hayupo, mwalimu, amekwenda kazini."