Ng'ombe Waliorudi Majimoto

Kwa mambo ya ng'ombe, Masunga wa Mwamkulu humdanganyi. Dume akipanda majike mwaka mzima na zizi lisione ndama, hakuwalaumu majike hata siku moja. Alimuuza dume akatafuta mwingine. Lakini akiingia ndani kwake, akili hiyo yote aliiacha zizini.

Mke wake wa kwanza, Ng'washi, alinyweshwa mizizi ya kila mganga, miaka nenda rudi, na mimba haikuja. Mwishowe Masunga alimrudisha kwao Majimoto na kudai ng'ombe wake wa mahari. Akapewa wote. Mwanamke aliyerudishwa kwa sababu hiyo, nani atamposa tena? Ng'washi akabaki kwa kaka yake, Methusela, akilima mpunga mpaka ujana ukamwisha.

Masunga akamwoa Upendo, binti wa kutoka Makanyagio, naye pia hakushika mimba. Ila Upendo aliigomea mizizi. "Twende wote hospitali. Peke yangu siendi."

Masunga alinuna, lakini akaenda. Benedikto wa maabara alichungulia hadubini kwa muda mrefu, akasema mbegu za Masunga zipo, ila chache mno na nyingi hazijiwezi. Akamshauri aende Mwanza, kwenye hospitali inayopima kama hizo chache zina uwezo wa kutungisha mimba.

Huko waliziweka pamoja na ganda la yai la mwanamke, yai lisiloweza tena kuwa mtoto, waone kama hata moja itashika. Daktari alimweleza taratibu kwamba hakuna iliyoshika.

"Zinaligusa tu, mzee, halafu zinaachia."

"Tangu lini?"

"Inaelekea umezaliwa hivyo."

Masunga hakuuliza dawa. Njia nzima ya kurudi alimwona Ng'washi amefumba macho, anameza mizizi. Ilimuuma, na ilistahili kumuuma.

Alipofika Mwamkulu hakukaa. Alitenga ng'ombe, idadi ileile aliyoidai zamani, akawaswaga mpaka Majimoto. Akasimama mbele ya Methusela na kusema bila kuzunguka, "Mgumba ni mimi. Nimewarudishia ng'ombe wenu."

Methusela aliwatazama wale ng'ombe. "Zizi la kuwaweka tunalo, Masunga. Na miaka ya dada yangu je, utaileta lini?"

Ng'washi alikuwa amesikia yote. Alitoka jikoni, kichwa kimejaa mvi, akapiga goti na kumpa maji kwa mikono miwili kama zamani. Masunga alikipokea kikombe, akashindwa kunywa.

"Kwa hiyo mimi ningezaa?" Ng'washi aliuliza.

"Ungezaa."

Ng'washi aliinuka.

"Kumbe ningezaa," alisema, akakichukua kikombe chake na kurudi jikoni.