Geji Niliyoiita Mwongo

Aibu hii ni ya Jumamosi iliyopita. Nina miaka minne tangu nihamishiwe Tukuyu, na kiti cha abiria cha gari langu kuukuu kilikuwa hakijakaliwa na mtu. Kwa hiyo Mwalimu Tusekile, ninayefundisha naye, aliponiomba nimpeleke Isongole kununua viazi, nilitumia wiki nzima kukagua geji, kwa kufuata vitabu, maana ufundi nimejifunza mwenyewe. Nilimimina lita kumi kwenye tangi tupu. Geji ya mafuta ikaonyesha limejaa. Ya joto la injini nayo ilikuwa ikipanda. Nikahukumu kwamba zote mbili zinapata umeme uliozidi, kwa hiyo zote zinadanganya. Ya joto sikuipima.

Mlimani mshale wake uligusa nyekundu.

"Mwalimu, huo mshale vipi?"

"Unadanganya," nikasema, nikaanza kumweleza habari za umeme. Alisikiliza, hata akacheka mara mbili. Sikuwa nimezungumza na mtu kwa muda mrefu namna ile tangu nihamie, basi nikalirefusha somo.

Mbele pakawa peupe. Nikapunguza mwendo, nikawasha taa.

"Ukungu wa Rungwe huu," nikamwambia, yeye aliyezaliwa hapa hapa.

Alichungulia dirisha lake, kisha langu. Pande zote mbili mashamba ya viazi yalionekana hadi ng'ambo, juani.

"Mwalimu," akasema kwa upole, huku akifungua mkanda, "mbona ukungu unatoka kwenye boneti yetu tu?"