Bomba Namba Sita

Chekeni kwanza, nitangoja. Mimi mwenyewe ningecheka kama habari hii ingempata jirani. Lakini ilinipata mimi, kwangu Nyamianda, kando ya ziwa, saa sita mchana, jua likiwaka, na tumboni sikuwa na kitu isipokuwa chai na mukate. Nasema mchana makusudi, kwa sababu wafu wa watu wengine hutoka usiku. Wangu alikuja mchana. Labda aliulizia akaambiwa kwamba usiku mimi sitoki kitandani hata nyumba ikiungua.

Mimi ni mutu wa nyumbani. Mke wangu, Mama Esta, huwaambia wenzake wa kwaya kwamba akitaka kujua niliko haulizi, anafagia tu, na pale fagio linapokwama ndipo nilipo. Wanaume wa hapa huvuka kwenda Bujumbura asubuhi na kurudi jioni. Mimi kufika barabara kubwa naita safari. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kukaa, niliona Mungu amenikumbuka.

Ilikuwa hivi. Watu wanaochunguza ziwa walikodi chumba changu cha nyuma kwa sababu kina baridi. Mkubwa wao alikuwa Injeniere Furaha, dada mmoja mwembamba asiyecheka ovyo. Walikuwa wanaingia ziwani, wanashindilia mabomba ya plastiki ndani ya tope la chini, wanayatoa yamejaa. Kisha wanapasua kila bomba kwa urefu, kama muhogo wa kuanika, na ndani unaona tope limelala mistari mistari: la chini la zamani, la juu la juzi. Kila nusu bomba inafunikwa na plastiki, kifuniko chekundu upande wa juu, cheupe upande wa chini. Mimi ndiye niliyekuwa sentineli, mlinzi wao. Kazi yangu ni kunyunyiza maji tope lisikauke, na kufunga mlango.

Siku ya kwanza Furaha alinionyesha mistari myeusi, na nawaeleza kama nilivyoelewa, na sekondari yangu hii. Ndani ya tope kuna madini yanaitwa manganisi. Kule chini ambako maji hayana hewa, yanayeyuka kama chumvi, huyaoni. Yakikutana na maji yenye hewa yanageuka meusi kama masizi ya sufuria, yanatua.

"Kwa hiyo, papa, kila mustari mweusi ni wakati ziwa ilihama fasi yake," akasema.

"Na inauzwa?"

"Bote banauliza ile."

Jirani yangu Mama Zawadi hakuuliza ile. Huyu ni mjane. Maji yalipopanda yalibeba nyumba yake yote, akabaki na watoto wanne, mlango mmoja na picha ya harusi. Alikuwa analala kwa kuazima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila akipita kwangu aliuliza neno moja: "Tope yenu imesema nini? Nijenge palepale ao nisijenge?" Kiwanja kile, maji yakiwa yameshashuka, ndicho pekee alichokuwa nacho. Mabomba yalitolewa mbele ya kiwanja hicho kabisa, kwenye maji yaliyo karibu na ukingo.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jumamosi ilikuwa salongo, mtaa mzima unafagia na kuzibua mifereji. Mimi, ili nisiitwe mferejini, nikasema nina salongo yangu ya kazi. Nikachukua sabuni na kitambaa nikayasugua mabomba yote kwa nje mpaka yakang'aa. Nani aliniambia nisugue? Hakuna. Nilitaka tu Furaha aseme, "Papa, uko mutu safi." Bomba namba sita lilikuwa na tope kavu kwenye vifuniko, nikavivua vyote viwili, nikaviosha, nikavianika juani. Niliporudi kuvivika, sikukumbuka chekundu kilikaa upande gani. Nikatafuta ule mshale uliochorwa na kalamu ya feutre. Mshale nilikuwa nimeshausugua.

Nikakisia. Niaminini, nilifikiri sana kabla ya kukisia, lakini kukisia ni kukisia.

Jumanne Furaha akaja kusoma. Alipofika namba sita akainama, akaona mistari mitatu myeusi imekaribiana karibu na kifuniko cheupe, yaani chini. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo. Ningesema. Sikusema. Mama Zawadi alikuwa mlangoni, akauliza neno lake, na Furaha akajibu kwamba inaonekana hapa ziwa lilihamahama zamani sana na baadaye likatulia, lakini angoje matokeo kamili. Mutu asiye na nyumba hasikii "lakini." Kufika Jumamosi alikuwa ameleta matofali, na fundi ameambiwa Jumatatu achimbe msingi.

Jumapili Mama Esta akaenda misa na mtoto. Nikabaki, kama kawaida, kuchunga nyumba isikimbie. Nikasikia hodi.

Alikuwa mwanaume wa umri wangu hivi, shati la mikono mirefu, miguu mitupu. Uso umevimba, macho mekundu kama ya mutu aliyeinama muda mrefu akitafuta kitu chini ya kitanda.

"Weye njo unachunga ile matope?"

"Njo minye. Lakini injeniere haiko."

"Injeniere sina shida naye. Niko na shida na weye."

Nikataka kumpa kiti, na hapo ndipo nilipoliona jasho lake. Lilikuwa linatoka kidevuni, linapanda. Linapita pembeni mwa mdomo, pembeni mwa pua, linafika kwenye paji la uso na kupotelea kwenye nywele. Nilitazama tone moja mpaka likaisha. Na nyinyi mngefanya nini? Kukimbia? Mimi hata kwa amani sikimbii.

Akatangulia kwenda chumba cha nyuma bila kuonyeshwa. Nyayo zake juu ya sakafu ya sima zilikuwa nyeusi, na nilipokuwa nikizifuata zikawa zinabadilika, nyeusi, kijivu, kahawia. Hiyo niliijua. Ndivyo linavyofanya tope la chini dakika bomba linapopasuliwa, linapoguswa na hewa kwa mara ya kwanza. Nikafungua mlango. Akaenda moja kwa moja namba sita.

"Siku nane niko kichwa chini, ndugu. Siku nane. Weye unalala muzuri?"

Nikafanya kama wanaume mashujaa wafanyavyo. Nikasema, "Muke yangu njo alisafisha."

"Muke yako anaimba kule kanisani, weye unamuuza huku!" Akacheka, na kicheko kilimuumiza, akashika kichwa. Kisha akanikamata kidole, akafunua plastiki, akakibonyeza juu ya mistari mitatu, mmoja baada ya mwingine. Tope lilikuwa la baridi sana.

"Huu, maji ilinifika hapa." Akajigusa kifuani. "Ikarudi nyuma, nikajenga tena. Huu, ikakuya tena. Ikarudi, nikajenga tena. Huu..."

Huu wa tatu hakuueleza. Aliniangalia tu.

"Geuza," akasema.

Nikaligeuza bomba, nikabadilisha vifuniko, chekundu upande wa mistari. Jasho lake likasimama katikati ya pua. Likafikiri, kama mimi. Kisha likashuka, kama la kila mutu. Akavuta pumzi ndefu, na uvimbe ukaanza kumtoka.

"Basi imekwisha," nikasema.

"Kwangu imekwisha. Ule mama wa matofali, nani atamugeuza?"

Akatoka. Nyayo zake zilifika katikati ya uwanja na hapo zikakoma. Getini hazikufika.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mimi. Kijana wa moto aliuliza, "Papa, nani amekufa?" maana hajawahi kuniona nje ya mtaa. Nikamkuta Furaha kwake anakula. Nikamwambia habari ya sabuni na vifuniko. Ya yule mutu sikumwambia, nilitaka anisadiki.

Akaacha kula. "Ukanyamaza nikisoma mbele yako?"

"Nilinyamaza. Lakini sasa nimelirudisha sawa."

"Sawa unajua na nini?"

Akasema bomba lisilojulikana juu wala chini halisemi kitu tena, si alivyolisoma yeye kwanza wala nilivyoligeuza mimi baadaye, na itabidi watoe lingine, Mungu anajua lini. Kazi yangu iliishia pale, na alikuwa na haki.

Jumatatu alfajiri nilikuwa kiwanjani kabla ya fundi. Mama Zawadi nilimwambia yote, pamoja na jasho.

"Kwa hiyo injeniere hajui," akasema. "Weye njo unajua. Na weye umeambiwa na mutu wa matope."

"Njo vile."

Akakaa juu ya matofali yake. Fundi akafika, akatema mate mikononi, akashika jembe.

"Alijenga mara ngapi?" mama akauliza.

"Mbili amesema. Ya tatu alinyamaza."

Akamwambia fundi, "Acha."

Sasa anakaa na watoto wake wanne kwenye kile chumba cha nyuma, na utulivu wangu nilioupenda umekwisha. Kidole hiki kina weusi ambao sabuni haiutoi. Asubuhi nyingine Mama Esta ananikuta nimelala miguu kwenye mto, kichwa kule chini, na mimi najua nililala vizuri. Haya nimeyazoea. Nisilolizoea ni hili: maji hayajapanda tena. Kiwanja ni kikavu, matofali yanaota majani, na kila jioni Mama Zawadi anaangalia ziwa, kisha ananiangalia mimi.

Kwa hiyo weye unayesoma, kama umegeuza kitu na unajua umekigeuza, sema siku ileile, wakati mshale bado unaonekana. Ukichelewa utasema kweli tupu, na hakutakuwa na kitu duniani cha kuipimia.